Mgeni wa Karthala

Picha niliyokusudia kuituma kwenye kundi la ukoo ilikuwa ile niliyosimama juu ya mlima Karthala, kule kwa Wangazija, kifua mbele, mkono kiunoni, mawingu chini yangu, kama vile mlima ule niliujenga mwenyewe na sasa nautafutia mpangaji. Kidole kikateleza. Nikatuma video.

Watu sitini na tatu wa ukoo wetu, kuanzia Tandika mpaka Muscat, wakamwona Marijani bin Khalfani, mwanamume wa miaka hamsini na minne, dereva mstaafu wa malori aliyelala Tunduma, Kasumbalesa na Lubumbashi bila kulia, akiwa amepiga magoti kwenye ukingo wa shimo la volkano, amekumbatia kichaka kwa mikono miwili, makamasi yanamtoka, anaubembeleza mlima.

Wakati huo mimi nilikuwa sebuleni kwangu, Mtoni Kijichi, na sambusa mkononi, nawasimulia watu jinsi nilivyopanda kwa mwendo wa kijana. Shemeji yangu Farida ndiye aliyefungua simu yake kwanza. Akaongeza sauti.

"Nisamehe mzee wangu," ilisema sauti yangu, nyembamba kama ya mbuzi aliyefungwa kamba fupi. "Nilikuja kutembea tu. Nishushe salama. Na wewe karibu nyumbani, karibu sana, siku yoyote, nyumba ni yako."

Sebule nzima ikaanguka kwa kicheko. Mke wangu, Mwanaheri, alicheka mpaka akajifuta machozi kwa pindo la khanga. Binti yetu Nusaiba akaomba irudiwe. Nami nikacheka, kwa sababu mtu akishavuliwa nguo hadharani, lililobaki ni kujifanya alikuwa anakwenda kuoga.

Mama mkwe wangu, Bi Tunu, hakucheka. "Hebu rudisha pale mwisho," akamwambia Farida.

Farida akarudisha. "Nyumba ni yako," nikasema mimi wa kwenye simu. Halafu, chini ya mlio wa upepo, ikasikika sauti nyingine, nzito, tulivu, yenye adabu zake. "Nimekaribia."

"Nani huyo aliyekuitikia?" akauliza Bi Tunu.

"Mudathir, mama. Yule Mngazija aliyenipandisha."

"Na simu alishika nani?"

"Huyo huyo Mudathir."

"Mshika simu sauti yake huwa karibu, inapasua masikio. Hii imetoka mbele."

Mbele yangu, kwenye video ile, hapakuwa na kitu isipokuwa shimo. Farida akaizima simu, akasema sambusa zinapoa.

Niseme nilifikaje huko. Mama yake Bi Tunu alikuwa Mngazija, na mwezi ule jamaa zake walikuwa na harusi kisiwani kwao. Nikatumwa mimi kupeleka salamu na maboksi mawili ya vitenge. Harusi ya Kingazija haiishi leo wala kesho, kwa hiyo nikapata siku tisa za kuzurura. Miaka ishirini na miwili nimeipita milima ya watu nikiwa nyuma ya usukani, Uluguru, Udzungwa, Mbeya, kila safari naahidi kwamba iko siku nitashuka nipande. Sasa siku ikafika, goti la kulia likiwa limeshakufa. Nikaanza kaskazini mwa kisiwa, kwenye safu ya La Grille, vilima vya volkano zilizozimika, vimekaa kama vyungu vilivyofunikwa, watu wamepanda migomba na kufunga ng'ombe juu yake. Nikavipanda vitano kwa siku mbili, nikanunua fimbo, nikaanza kujiita mpanda milima.

Karthala ni kitu kingine. Tulitoka alfajiri. Kwanza mashamba, kisha msitu wenye ukungu na miti yenye ndevu, kisha vichaka vifupi vigumu, na mwisho hakuna kitu ila mawe meusi na majivu yanayolia chini ya kiatu kama vigae vilivyovunjika. Mudathir, mtu wa rika langu lakini mwenye magoti yake yote, alinionya jambo moja tu. "Huku juu salimu, tazama, shuka. Usimwalike mtu."

"Nimwalike nani, bwana, huku hakuna hata kunguru?"

"Ndiyo maana nakwambia."

Lakini mie ni mtu wa Pwani. Nikila, nasema karibu. Nikinywa maji, karibu. Siku moja mtu alibisha hodi niko msalani, mdomo ukasema karibu kabla akili haijafika. Basi pale ukingoni ukungu ulipopanda kutoka shimoni, na ardhi ikawa na joto chini ya magoti yangu, na changarawe zikaanza kuteremka nami nikateremka nazo, nilisema neno pekee ninalolijua la kumlainisha mkubwa.

Asubuhi baada ya kicheko kile, sebule ilinuka kiberiti. Si moshi, ile harufu ya njiti iliyowashwa ikazimwa papo hapo. Mwanaheri akaukagua mtungi wa gesi, akanikagua na mimi, akafungua madirisha. Harufu haikutoka. Mchana akainama kuokota mto kwenye kochi la mgeni, lile la mtu mmoja lililo karibu na mlango, akaurudisha haraka.

"Baba Nusaiba, nani alikuwa amekaa hapa?"

"Hakuna."

"Lina joto."

Nikaweka kiganja. Lilikuwa na joto, tena limebonyea katikati, kama mtu mzito ameinuka sasa hivi kwenda kunawa mikono. Siku hiyo tulikula sinia moja, kama kawaida yetu, na wali ukabaki kidogo upande wa lile kochi. Tuliporudi kutoa vyombo, ule wa upande huo ulikuwa umekauka punje moja moja, umeungua kwa chini, na wa upande wetu bado laini.

Bi Tunu akautazama. "Amekula," akasema kwa sauti ndogo, kama anayeogopa kusikika chumba cha pili. "Mwekeeni na maji."

"Tumwekee nani, mama?" akauliza Mwanaheri.

"Muulize mumeo."

Wengine wanasimulia majini yanayokuja usiku wa manane. Huyu alijua saa za wageni. Alianza kuaga Jumapili baada ya adhuhuri, chakula kimeshaliwa, jua limesimama utosini. Nusaiba, ambaye hushona sare za shule kwa cherehani yake pale dirishani, aliacha kushona. Akainuka, akajitanda khanga vizuri, akalisemesha lile kochi tupu.

"Haya, twende nikusindikize."

Akaenda mpaka mlangoni, akasimama kidogo, akarudi, akakaa, akaendelea na pindo la sketi.

"Ulikuwa unazungumza na nani?" nikamwuliza.

"Mimi? Sijainuka hapa tangu asubuhi."

Nyayo zake zilikuwa nyeusi kwa masizi.

Kwetu mgeni akiaga haachwi akatoka peke yake kama mwizi. Unamtoa mpaka mlangoni, au mpaka barabarani, mnazungumza, hadi mwenyewe aseme basi, rudi, umefika mbali. Neno rudi ni la mgeni kulisema. Msindikizaji hujigeuza vipi katikati ya njia? Basi Jumatatu Nusaiba alifika getini. Jumanne alifika duka la dawa la kona, mwuzaji akamleta kwetu amemshika mkono, akidhani ni malaria. Jumatano nikasema leo nitamfuata nyuma nione.

Alitembea taratibu, kichwa amekiinamisha upande kama anayesikiliza hadithi ndefu, anaitikia "eeh" na "kumbe", na kivuli chake, kwa kuwa jua lilikuwa utosini, kilikuwa kimejikunja chini ya miguu yake kama vya watu wote, lakini kando yake palikuwa na kivuli kingine, chembamba, kirefu kama cha jioni, kisicho na mwenyewe, kimelala barabarani kimeelekea chini kwenye mikoko, na kila kilipopita vumbi lilitoa ile harufu ya kiberiti, na kuku waliokuwa wakichakura wakanyamaza, na mama aliyekuwa akikaanga mihogo akauacha mwiko wake hewani bila kujua ameuacha, nami nikawa nakimbia na goti langu bovu na bado simfikii, ingawa yeye alikuwa anatembea tu, mpaka nikaudaka upindo wa khanga yake hatua chache kabla ya tope, akageuka, akanitazama kwa upole uliouvunja moyo wangu vipande, akasema, "Baba, bado hajaniambia nirudi."

Jioni hiyo nikamleta Shehe Mwinjuma kutoka Mbagala, anayesifika kwa kutoa majini sugu, hata yale ya baharini. Aliingia na chetezo chake, ubani unafuka, akasimama katikati ya sebule akatoa salamu.

"Waaleikum salaam," likaitikia kochi.

Tulisikia sote. Shehe akakifunika chetezo, akatoka nje bila haraka, akakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa.

"Bwana Marijani," akasema, "jini aliyetumwa namtoa. Aliyempanda mtu kichwani namtoa. Huyu hakuvunja mlango. Kakaribishwa na mwenye nyumba kwa kinywa chake, kaitikia, kala, kanywa. Nikimfukuza mie, mkorofi ni mie, na haki iko kwake."

"Sasa atamtoa nani?" Mwanaheri alinong'ona.

"Watu wa nyumba. Naye kuondoka anataka, si anaaga kila siku? Tatizo hataki kurudi peke yake. Amepata msindikizaji asiyejua kukataa. Leo wamefika mikokoni. Kesho binti atagusa maji ya bahari, na akigusa maji mmeshampoteza."

"Tumfunge kamba?" nikauliza.

"Atakwenda siku mtakayomfungua. Akatae mwenyewe, akiwa macho."

Nikainuka nimtoe Shehe mpaka barabarani. Akanizuia kwa kiganja. Katika maisha yangu yote ndiye mgeni wa kwanza aliyekataa nimsindikize, na nilimwelewa.

Tukabaki wanne, tumekaa uani, kwa kuwa sebuleni hakuna aliyetaka kukaa. Nusaiba ndiye aliyeanza. Alikuwa amekasirika, na hasira yake ikanipa nafuu kidogo.

"Mnadhani ananivuta," akasema. "Hanivuti. Ananiomba. Ananiita kwa jina, kwa heshima, kama mzee wa watu, ananiambia mwanangu nitoe kidogo. Nikifikiria kumwambia hapana, naona aibu. Halafu sikumbuki tena." Akanitazama. "Mmenilea hivyo, baba."

Nyumba hii imelisha watu ambao mpaka leo sijui majina yao. Nilikuwa najisifia jambo hilo.

"Basi tujifunze," nikasema. "Mie mgeni, naaga. Mwanangu Nusaiba, nitoe kidogo."

"Siendi," akasema. "Samahani."

"Ondoa samahani."

"Siendi. Labda siku nyingine."

"Kuna siku gani nyingine?"

"Mwalimu mwenyewe hajui somo," Bi Tunu akaingilia. Akanisogezea kipande cha chapati ya juzi, kigumu kama soli. "Mkwe, karibu chapati."

"Ahsante mama," nikasema, nikakila.

Mwanaheri akacheka, cheko la mtu aliye karibu kulia. Nusaiba naye akacheka, halafu uso wake ukabadilika. "Kesho mtu asinishike," akasema. "Asinishike hata ukucha. Nitakaa kwenye cherehani yangu nitashona. Siwezi kutolewa nyumbani kwetu na mtu anayeogopa kurudi kwao peke yake."

Alhamisi tulifunga mlango, tukaweka komeo, tukavuta na kabati. Adhana ya adhuhuri ikaisha, tukaswali, tukala kwa kujilazimisha. Nusaiba akakaa kwenye cherehani. Tulisikia gurudumu lake linazunguka, na chini ya mlio huo, mlio mwingine, wa kochi lenye mtu mzito anayejiweka sawa.

Joto lilianza miguuni. Likapanda kwenye vigae, likapanda kwenye miguu ya meza, jasho likatutoka na papo hapo likakauka, na harufu ya kiberiti ikawa nzito kiasi cha kuuma machoni, na lile kabati la mlangoni likasogea lenyewe, polepole, kwa heshima, kama linalosogezwa na mtu asiyetaka kuwasumbua wenyeji, na komeo likaanza kuwa jekundu, kwanza kwenye ncha, kisha lote, likateleza upande bila mlio, mlango ukaachia uwazi wa kiganja kimoja, mwanga mweupe wa mchana ukaingia, na katikati ya mwanga ule, sakafuni, kikalala kile kivuli kirefu cha jioni.

"Nimekula, nimeshiba," ikasema sauti. Ilikuwa ile ile ya kwenye simu, tulivu, bila upepo sasa. "Mmenitendea wema. Naaga."

"Mbona mapema hivyo?"

Aliyesema ni mimi. Wallahi ni mimi. Hakuna aliyenilazimisha. Ni kama kupiga chafya. Mgeni akiaga, ndilo linalotoka. Mwanaheri akanifinya paja kwa kucha, na kochi likalia tena, kama mtu anayekaa.

"Ukisema hivyo nitapumzika kidogo," ikasema sauti. Vioo vya dirisha vikapasuka ufa mmoja mrefu.

Hapo aibu ikanipanda kuliko woga, na nadhani ndiyo iliyoniinua. "La," nikasema. "Ondoka leo. Mie ndiye niliyekualika, mie ndiye nitakusindikiza. Mpaka huko huko kwenye shimo. Huyu mtoto hana habari na wewe."

Mwanaheri alinishika shati kwa nyuma.

"Wewe hufiki hata mikokoni," ikasema sauti, bila dharau, kama daktari anayesoma majibu. "Nilikuona ukipanda." Kisha ikageuka, sijui sauti isiyo na mdomo hugeuka vipi, lakini ilitupa mgongo. "Nimemzoea binti. Nusaiba, mwanangu, nitoe kidogo tu."

Gurudumu la cherehani likasimama. Khanga iliyokuwa mapajani mwake ikapanda yenyewe mpaka begani, ikajipanga vizuri, kama inavyotandwa na mama anayempeleka bintiye kwa watu, na mguu wake wa kulia ukaachana na pedeli, ukashuka sakafuni, na pale ulipogusa vigae pakafuka moshi mdogo, na macho yake yakaanza kwenda mbali, yale macho ya barabarani, nami nikanyoosha mkono kumshika, nikakumbuka alivyosema, nikaushusha, na kuushusha mkono ule ni kazi nzito kuliko kupanda Karthala mara kumi, nikabaki nimesimama namwangalia mwanangu akiwa nusu amekaa na nusu ameinuka, midomo inatetemeka, anapigana na kitu kisichomgusa, kilichokuwa kinamwomba tu, kwa sauti nzuri, tena na tena, kidogo tu mwanangu, kidogo tu, mpaka akafumba macho, akauvuta mguu, akaurudisha kwenye pedeli, na ile khanga akaivua begani akaitupa chini.

"Ulikuja peke yako," akasema. Sauti ilikuwa kavu, haikupanda. "Njia unaijua."

Nikasubiri neno samahani. Halikuja. Akaikandamiza pedeli, na gurudumu likazunguka.

Kochi likainuka mbonyeo wake. Mlango ukafunguka wote, na juu ya vigae zikaonekana nyayo za majivu, moja, halafu nyingine, kubwa, zenye vidole vilivyotawanyika, zikatoka kibarazani, zikavuka ua, na zilipopita Bi Tunu alizigeuzia uso ukutani. Joto likatoka nazo. Tukawa tunasikia pikipiki za barabarani tena, na mtu anauza maji.

Getini zikasimama. Zikageuka, vidole vikatuelekea, kama ageukavyo mgeni yeyote mstaarabu akumbukapo kwamba hajamaliza kuaga.

"Basi," ikasema sauti, kwa ukarimu mkubwa, "karibuni na kwetu."

Maneno hayo nimeyajibu maisha yangu yote. Jibu lake ni moja, nalo nilikuwa nalo tayari, limeshafika nyuma ya meno. Kiganja cha Mwanaheri, kinachonuka vitunguu, kikanifunika mdomo wote na nusu ya pua, naye akajibu juu ya bega langu.

"Hatuji."